Mafiga Meupe ya Boanamary

Mama yangu aliisimamia harusi yangu mwanzo hadi mwisho, akaonja pilau, akalia kiasi kinachotakiwa, na bado hakukubali kwamba nimeolewa. Kwake yeye mwanamke ameolewa siku anapopikia mafiga yake mwenyewe, mlangoni kwake mwenyewe. Hayo mengine, ngoma na marashi na watu kuvaa vizuri, aliyaita mambo ya kufurahisha wageni.

Alikuwa na haki yake. Kwetu, watu wa asili ya Komoro, mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Mama humjengea binti nyumba, na bwana harusi huingia na sanduku lake na adabu zake. Mama alikuwa amekwisha kunijengea vyumba viwili nyuma ya nyumba yake, kisiwani kwetu Nosy Be, madirisha tayari yana mapazia. Halafu mimi nikaenda kumpenda mwalimu wa shule wa Mahajanga, mji wa bandari kwenye kisiwa kikubwa, Madagaska.

Nchi ilikuwa imepata uhuru juzijuzi tu, walimu walikuwa wa kutafutwa kwa tochi, na mume wangu hangeweza kupewa ruhusa ya kuhama. Basi nikahama mimi, na ukoo mzima ukashika tama. Kabla ya hapo safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya Nosy Sakatia kumtembelea shangazi, na Sakatia unaiona ukiwa umekaa ufukweni kwetu.

Mama aliniachia kwa sharti, akalitamka mbele ya mashahidi. Ndani ya mwaka mmoja mume wangu awe ameniweka katika nyumba yangu, yenye jiko langu, si jiko la mama yake. Yeye mwenyewe angekuja kutazama. Asiporidhika, ningerudi naye kwa meli ileile, na mwalimu angefuata au asifuate, shauri lake. Mume wangu alicheka, akaitikia. Alidhani mama anatania. Mimi nilijua kwamba mama yangu hajawahi kutania juu ya nyumba tangu azaliwe.

Niseme neno moja kuhusu lugha. Nyumbani tulisema Kikomoro, sokoni Kisakalava, ofisini Kifaransa. Kiswahili kilikuwa cha babu, cha dini na bahari na biashara. Mimi nimekijua vizuri ukubwani, baada ya binti yangu kuolewa Tanga na kunizalia wajukuu ambao nikiwasemesha kwa lugha ya kwetu wananitazama tu. Kwa hiyo maneno ya watu humu nimeyavisha Kiswahili kwa ajili yao.

Mume wangu alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: hakuweza kuona kitu kimekaa mahali bila kuuliza kilifikaje pale. Mwaka ule alikuwa amepata gazeti moja la wasomi, limechakaa, halina jalada. Ndani yake iliandikwa kwamba kuna wataalamu wanaosema ardhi tunayoikanyaga imekatika vipande vikubwa, na vipande hivyo vinakwenda. Vikisukumana milima inainuka, vikiachana bahari inaingia katikati. Wataalamu wengine waliwacheka. Mume wangu alikwisha kuchagua upande kabla ya kumaliza ukurasa wa kwanza.

Alichukua karatasi ya kufungia sukari, akachora Afrika na kisiwa chetu, akakikata kisiwa kwa mkasi wangu wa kushonea, bila kuniomba. Kila baada ya chakula cha jioni Madagaska ilirudi Afrika pale mkekani. Siku nyingine aliibandika Msumbiji. Siku nyingine aliipandisha hadi Mombasa, akainamisha kichwa, akasema hapa inakaa vizuri zaidi. Nilimwambia akiache kisiwa pale Mungu alipokiweka. Alinijibu kwamba Mungu bado anakiweka, hajamaliza.

Kwenye baraza ya msikiti walimfanya mchezo. Walimuuliza kama washike nguzo. Walimuuliza tutafika Bara Hindi mwezi gani, ili mwenye shemeji kule ampelekee habari. Yeye alicheka pamoja nao, kisha akaeleza upya tangu mwanzo. Siku hizi mambo hayo anafundishwa kila mtoto wa shule, na binti yetu alipokwenda Tanga baba yake alitembea mji mzima akisema mtoto amevuka kwenda kutazama ubavu tulipomegeka. Lakini wakati ninaosimulia, mwalimu mwenye kisiwa cha karatasi alikuwa kichekesho, na mimi ndiye niliyelala naye nyumba moja.

Nyumba yenyewe ilikuwa mtaa wa Antanimasaja. Tulihamia miezi michache kabla ya mama kufika: vyumba viwili, kuta za fito na udongo, paa la bati, ua, na jiko la nje. Ilikuwa nzuri, ila ilikaa juu ya ardhi nyekundu, na ardhi ile haikupenda kukaa. Mvua za kwanza zilichimba mfereji katikati ya ua wangu, zikabeba ngazi ya mlangoni na ndara yangu moja. Nilitoka nikakuta mume wangu amechutama mvuani, amefurahi kama aliyepata zawadi. Akaniita nitazame jinsi maji yanavyochagua njia, jinsi yanavyoanza na punje na kumaliza na shimo. Milima yote ya nchi za juu, alisema, inaliwa hivihivi. Mvua inailainisha, jua linaipasua, maji yanaibeba hadi mtoni, na mto unaishusha kwetu. Nikamwambia maji yamechagua, sasa na yeye achague, jembe au chepe.

Alichimba mtaro mzuri sana, nikiri. Maji yakaanza kupita pembeni. Kilichobaki kilikuwa mafiga.

Kwa muda wote ule nilipikia juu ya vipande vya matofali vya kuazima, na hilo mama asingelistahimili hata dakika moja. Nilitaka mawe matatu ya haja, ya kubeba sufuria la watu wengi. Tulikuwa tumekubaliana kwamba akija tutasoma maulidi ya kuhamia nyumba, majirani wote waje, na mimi nipike mbele ya macho yake. Mama mkwe alijitolea kunitafutia mawe. Nikakataa kwa adabu, kwa kuwa nilitaka mama aone kwamba jiko lile halina mkono wa mtu mwingine hata kidogo. Mama mkwe alikuwa mtu wa kucheka haraka na kusamehe haraka. Akasema haya, mwanangu, tafuta.

Wakati huohuo mume wangu alitaka kunipeleka Boanamary, kwa jamaa za mama yake, ili nione mto Betsiboka unavyoishia. Nilikwenda kwa sababu ya samaki. Lakini nakumbuka nilisimama pale mdomo wazi. Maji yalikuwa mekundu hadi upeo wa macho, mazito, na katikati yake palikuwa na visiwa vya tope ambavyo mikoko michanga imekwisha kuvishika. Wenyeji walituambia kwamba walipokuwa wadogo visiwa vile havikuwapo. Walipitisha ngalawa hapo ambapo sasa ndege wanatembea kwa miguu. Mume wangu akaniambia hiyo ndiyo milima, imefika.

Nilimpenda sana siku ile. Hata hivyo jicho langu lilikwisha kuona kitu kingine. Chini ya genge palikuwa na mawe meupe, safi, ya ukubwa wa kichwa cha mtu, juu yamesawazika kama yaliyochongwa. Nilichagua matatu yanayolingana, nikayasugua mchanga, nikaona tayari uso wa mama ukilegea kwa kuridhika.

Kwetu Nosy Be hatujui kuchagua jiwe. Kisiwa chetu kilitapikwa na moto wa chini ya ardhi, mashimo yake ya zamani sasa ni maziwa, na kila jiwe utakaloliokota mtoni ni jeusi, zito, gumu. Jiwe ni jiwe. Ukiliweka motoni linakaa motoni, na mjukuu wako atalikuta hapohapo. Haikunijia kabisa kwamba mawe yana makabila.

Mume wangu aliyabeba ndani ya gunia hadi nyumbani, akihema, akinieleza kwamba mawe haya hayakutoka motoni kama ya kwetu. Yametokana na kombe na viumbe vya baharini, tabaka juu ya tabaka, kisha ardhi ikainuka nayo. Akanionyesha alama ya kombe ubavuni mwa mojawapo. Nikasema maridadi. Watoto wote wa pwani tumeona matumbawe yakichomwa kuwa chokaa, mimi nikiwamo, yeye akiwamo. Yeye aliwaza kombe, mimi nikawaza pilau, na hapakuwa na mtu wa tatu wa kutuwazia moto.

Mama alifika na meli ya mwambao, na vikapu vyake vya pilipili manga na chupa za mafuta ya langilangi. Alishuka gatini akiwa amekunja uso. Hakunisalimu vizuri kabla ya kuniuliza nani amechinja, maana bahari ilikuwa imegeuka rangi ya damu tangu walipokaribia mji.

Nikamwambia ni udongo, mama.

"Udongo wa nani?"

Wa nchi, nikasema. Unatoka bara, mto unauleta.

Akatazama maji, akanitazama mimi. "Basi nchi yenyewe inahama," akasema, "na wewe ndiko ulikohamia."

Nilimwomba mume wangu jambo moja tu: chakulani asiongee habari za ardhi. Alijitahidi. Alipita kwenye samaki salama, akapita kwenye wali. Tulipofika kwenye maembe mama akauliza mtaro ule uani ni wa nini, na hapo kazi ikawa imeharibika. Alianza na mvua, akaenda na mto, na kabla sijamkanyaga mguu kisiwa cha karatasi kilikuwa kimetoka mfukoni na kinatambaa mkekani kuelekea Mombasa na kurudi.

Mama alikifuata kwa macho. Aliuliza kama kinatembea hata sasa. Mume wangu akasema hata sasa, mama, ila polepole mno, huwezi kuhisi. Mama aliinuka, akachukua kikapu chake cha nguo kilichokuwa pembeni, akakisogeza karibu na mlango.

Nilitaka kulia. Nilimpenda yule mwanamume na mkasi wangu alioutia butu, niliupenda ule ua mwekundu wenye mtaro, na niliona vyote vinaponyoka kwa sababu ya karatasi ya sukari.

Sasa tumaini lote likabaki kwenye maulidi. Siku moja kabla, tulichinja na kuanza kuchemsha nyama, na moto wa magogo ya mikoko haukuzimwa tena. Gogo la mkoko lina moto mkali. Wachoma chokaa wanalipenda, na hilo pia nililijua, na halikunisaidia kitu. Wanawake wa jirani waliyasifu mafiga yangu. Kadiri moto ulivyowaka ndivyo yalivyozidi kuwa meupe, hadi yakang'aa. Mmoja alisema bibi harusi ana mafiga ya peponi. Nilivimba kichwa. Mama alikuwa ameketi kwenye kibao upande mmoja wa ua, mama mkwe upande wa pili. Walikuwa wamesalimiana kwa heshima zote, bweni kwa bweni, kama wanavyoitana mabibi wa kwetu, na baada ya hapo hakuna aliyemwongezea mwenzake neno.

Siku ya siku, wanaume wakawa ndani wanasoma, sufuria la pilau liko motoni limefunikwa. Nilisikia jiwe likilia, nikadhani ni gogo. Kisha mchuzi ukafura, ukainua kifuniko, ukamwagika juu ya figa la upande wangu.

Jiwe lile lilipiga mvuke. Likatoa sauti ya kitu kinachokaangwa, likavimba, likapasuka, likafumuka kuwa unga huku ninalitazama. Sufuria likaanza kulala.

Sikufanya lolote. Waliofanya ni mama zangu wawili, waliotoka kwenye vibao vyao kila mmoja kwa upande wake, wamekunja mikononi lamba zao, zile kanga za kwetu, wakalidaka sufuria masikio mawili na kulishusha chini likiwa limesimama wima. Pilau kidogo ilimwagika. Nyingi ilisalimika, kifuniko juu yake. Ndani wasomaji walipandisha sauti, kwa hisani, ili ionekane hawakusikia.

Mama mkwe alichutama. Alichota maji kidogo, akanyunyizia figa la pili, nalo likatoa mvuke na kufumuka vilevile. Akawaambia watoto wasiguse, linaunguza. Kisha akaniangalia.

"Mwanangu," akasema, "umechoma chokaa."

Akaanza kucheka, na ua mzima ukamfuata, wakavunjika mbavu, hata mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Mume wangu alitokea mlangoni na kofia yake, akaona ule unga, akaelewa papo hapo, na uso wake ukachanua. Alifungua kinywa kueleza. Nilimkata jicho, akakifunga.

Mama hakucheka. Alisimama pale, anauma mdomo, anautazama ule unga. Aliuliza jambo moja tu, taratibu, wala si kwa hasira. Aliuliza ni nchi gani hii ambayo jiwe lake linakufa motoni. Tukamalizia pilau juu ya matofali ya kuazima, watu wakala wakashiba, na wengi walisema ilikuwa tamu.

Asubuhi yake nilitoka nikawakuta wote wawili uani. Mama mkwe alikuwa amekuja na karai, wamekusanya unga wote, wameulainisha kwa maji na chumvi kidogo, wameuchuja, na wanaupaka ukutani mbele ya nyumba kwa makumbi ya nazi. Mama yangu alikuwa anamkosoa mwenzake kwamba anapaka nyembamba. Mama mkwe akamjibu kwamba ya Boanamary hupakwa hivyo, ikikauka itashika. Waligombana hivyo kwa raha kabisa hadi chokaa ilipokwisha, nayo ilitosha mlango na madirisha mawili tu, kwingine kukabaki udongo mwekundu. Mlango wangu uling'aa.

Watu wakaniambia, umeona, amekubali. Sikuwa na hakika. Mama yangu angepaka chokaa hata ukuta wa nyumba inayobomolewa kesho, kwa sababu tu hawezi kuvumilia ukuta mbaya. Alikuwa hajasema. Kikapu chake kilikuwa bado mlangoni. Siku ya meli nilipanga nguo zangu sandukuni, kwa woga, nikaliweka karibu na kikapu. Mume wangu aliliona. Hakuuliza lilifikaje pale. Hilo liliniumiza kuliko maneno yoyote ya mama.

Alibeba kikapu mkono mmoja na sanduku mkono wa pili hadi gatini. Tulisimama. Mama alitazama maji mekundu kwa muda, kisha akamgeukia mkwewe.

"Ile safari ya nchi uliyonionyesha," akasema. "Nosy Be na Mahajanga, kila moja inakwenda kivyake?"

Nadhani mume wangu hajawahi kujibu swali lolote kwa uangalifu vile, si darasani, si barazani.

"Hapana, mama. Ni kipande kimoja. Zinakwenda pamoja."

"Pamoja? Sisi hatubaki nyuma?"

"Hatuachani hata unywele, mama."

Mama alitikisa kichwa taratibu, akilipima neno lile. Kisha akachukua kikapu chake. "Basi hilo sanduku unalibeba la nini?" akamuuliza. "Lirudishe nyumbani kwa mke wako." Na mimi akaniambia, huku ameanza kupanda na hageuki nyuma, "Mawe nitayatuma. Ya kwetu."

Nililia pale gatini mbele ya mabaharia wote, na mume wangu, mwenye sanduku begani, alianza kunieleza kitu fulani kuhusu rangi ya maji. Nikamwacha aeleze.

Yalifika miezi kadhaa baadaye, mawe matatu meusi yameshonewa ndani ya gunia, na mabaharia wakataka kujua ni mtu gani anayetuma mawe kwenye mji ambao haukosi mawe. Niliyapanga uani, mbele ya mlango wangu mweupe. Sikupika pilau. Nilichemsha birika moja la chai, nikaketi kizingitini nikainywa polepole, mwanamke aliyeolewa.